Mjadala: Nani wa kumvua taji Ju Wenjun?

Wadau wa chesi, salaam. Tangu Aprili 2025, Ju Wenjun wa China alipolitetea taji la dunia la wanawake kwa kumchapa Mchina mwenzake Tan Zhongyi 6.5 kwa 2.5 (ushindi pointi moja, sare nusu), kila panapozungumzwa chesi ya wanawake swali ni moja: nani anafuata? Wengi wameshajijibu. Wanasema taji linakwenda India, na wanamtaja Divya Deshmukh, aliyetwaa Kombe la Dunia la wanawake kule Batumi, Georgia, mwaka 2025 akiwa na miaka 19, au Vaishali, aliyeshinda Grand Swiss, shindano kubwa la kufuzu, mwaka 2023 akarudia tena 2025. Mimi nakataa. Kwangu mpinzani wa hatari kuliko wote bado ni Aleksandra Goryachkina wa Urusi, na sababu zangu naziweka hapa zipigwe mawe.

Tuanze na bingwa mwenyewe, maana watu wengi wanaangalia matokeo ya mwisho tu. Ju alilichukua taji Mei 2018 kutoka kwa Tan huyohuyo. Ameshalitetea mara nne, na katika mara zote nne ilifika mahali akawa nyuma. Novemba 2018, Khanty-Mansiysk nchini Urusi, taji lilipogombewa kwa mtoano, Kateryna Lagno alimfunga mchezo wa pili wa fainali yenye michezo minne. Ju akalazimika kushinda wa nne, akaushinda, kisha akamaliza kazi kwenye michezo ya muda mfupi, ile ya kuamua mshindi pointi zikilingana. Mwaka 2023 mpinzani wake, Lei Tingjie wa China, alishinda mchezo wa tano na kuongoza hadi wa nane, Ju aliposawazisha. Wa kumi na mbili, ambao ndio uliokuwa wa mwisho, Ju alianza kwa kusogeza kitunda, yaani askari, kilicho mbele ya malkia, kwa mpangilio wa kimyakimya ambao haumtishi mtu, akashinda, 6.5 kwa 5.5. Mwaka 2025 Tan alitangulia kwa kushinda mchezo wa pili. Mchezo uliofuata Ju akarudisha, na kuanzia wa tano hadi wa nane akashinda yote minne.

Kwa hiyo suala la nani anaweza kumfunga Ju halina ubishi. Wapo wengi. Linalowashinda ni yale yanayofuata baada ya kumfunga. Anapokuwa nyuma hakurupuki kutafuta ushindi wa siku hiyohiyo. Anacheza nafasi ndefu, anakusubiri ulinde uongozi wako kwa woga, na hapo ndipo unapojikuta unarudi nyuma kete kwa kete. Ukishasawazishiwa, kichwa kinaanza kuwaza makosa ya jana badala ya ubao ulio mbele yako. Tan ni bingwa wa zamani, si mtoto, na bado alipoteza minne mfululizo.

Sasa tazameni 2020, Ju alipolitetea taji dhidi ya Goryachkina. Pambano lilianzia Shanghai na kumalizikia Vladivostok. Goryachkina alikuwa na miaka 21. Ju alishinda mchezo wa nne, Goryachkina akajibu palepale kwenye wa tano. Wa nane akashinda tena, sasa anaongoza, tena yuko nchini kwake. Ju akafanya kama kawaida yake: akashinda wa tisa na wa kumi mfululizo. Kwa yeyote mwingine tuliyemwona mbele ya Ju, hadithi ingeishia hapo. Goryachkina aliingia mchezo wa kumi na mbili akijua sare inamwondoa, akashinda, ikawa 6 kwa 6. Alikuja kuangushwa kwenye michezo ya muda mfupi, 2.5 kwa 1.5, kwa tofauti ya mchezo mmoja tu. Katika wote waliopambana na Ju akitetea taji, ni huyu peke yake aliyepigwa kwa namna hiyo akarudisha. Hilo ndilo ninalolitazama kabla ya umri na kabla ya alama za ubora.

Najua hoja ya umri itakuja, na ina uzito kweli. Nona Gaprindashvili alikaa na taji tangu 1962 hadi 1978, akavuliwa na Maia Chiburdanidze, Mgeorgia mwenzake wa miaka 17. Chiburdanidze naye aliangushwa 1991 na Xie Jun wa China, aliyekuwa na miaka 20. Ju amezaliwa Januari 1991, kwa hiyo saa inamkimbia kama ilivyowakimbia wenzake. Lakini ujana umeshajaribiwa kwake. Goryachkina alikuja na miaka 21, Lei na 26, na taji halikutoka. Tena Ju hajachoka: Januari 2024 kwenye shindano la Wijk aan Zee, Uholanzi, alimfunga Alireza Firouzja, mmoja wa wanaume wakali duniani, mwaka huohuo akatwaa shindano la Norway Chess la wanawake, na Desemba akawa bingwa wa dunia wa blitzi, chesi ya dakika chache, kule New York. Anayetegemea kumpeleka Ju kwenye michezo ya muda mfupi akumbuke pia kwamba taji la dunia la mchezo wa kasi alilibeba 2017 na 2018.

Divya nampenda, na Batumi alionyesha moyo mkubwa kumtoa Humpy Koneru kwenye michezo ya kuamua. Ila mtoano ni michezo miwili kwa mpinzani mmoja, unalala, kesho unakutana na mwingine. Michezo kumi na miwili kwa mtu yuleyule, anayekusoma kila siku, ni kazi nyingine kabisa. Zhu Jiner wa China, naye anayetajwa, ana chesi safi, sina neno baya juu yake, lakini pambano la namna hii hajawahi kulicheza.

Anayenitia shaka ni Vaishali. Toronto 2024, kwenye Candidates, shindano la kumtafuta mpinzani wa bingwa, alipoteza michezo minne mfululizo, watu wakamzika, naye akamaliza kwa kushinda mitano mfululizo. Mtu wa hivyo hafai kudharauliwa. Wasiwasi wangu ni ile minne yenyewe, maana ukimpa Ju minne pambano limekwisha.

Wako pia wanaosema taji la Ju ni la kuazima kwa sababu bingwa wa zamani Hou Yifan wa China, aliyekuwa na alama za ubora za juu kuliko wanawake wote waliokuwa wakicheza, aliacha kuligombea baada ya 2016. Hou alikuwa na haki ya kulalamikia mfumo wa mtoano uliotumika kumpata bingwa miaka ile. Lakini asiyeingia ulingoni hawezi kuwa jibu la swali letu, na Ju hana kosa kwa hilo.

Udhaifu wa hoja yangu naujua: Goryachkina lazima kwanza ashinde Candidates, wachezaji wanane, raundi kumi na nne. Kazan 2019 alilitwaa kwa kishindo. Toronto sare nyingi zilimnyima. Safari hii sare hazitamfikisha popote.

Basi wanaomtetea Divya au Vaishali wanijibu hili moja. Siku Ju akishasawazisha, mchezo gani wao unaonyesha kwamba watarudisha? Ile mitano ya Toronto nimeshaikubali. Leteni mingine.