Nodi mpya ya Spark inaonekana hai kwenye klasta, lakini kazi za kupanga data kwa makundi zinakufa

MwanaTudor aliuliza:

Assalaam aleikum wakuu. Katika maabara yetu ndogo hapa Tudor tumeunganisha kompyuta kadhaa za Ubuntu ziwe klasta moja ya Apache Spark 3.5 (programu inayogawanya uchambuzi wa data kwa kompyuta nyingi, kila moja ikiitwa nodi), kwa ule utaratibu wa klasta inayojitegemea bila mfumo wa Hadoop. Zote zimefungwa kwa kebo kwenye swichi moja na zina anwani za 10.0.0.x, huku nodi kuu ikiwa 10.0.0.10. Tunachochambua ni vipimo vya kina cha maji na joto la bahari, vinavyochukuliwa kila dakika na vihisio vilivyowekwa katika hori ya Tudor na ya Mtwapa.

Klasta ilikuwa ikifanya kazi vizuri mpaka tulipoongeza nodi mpya. Nodi hiyo inajiandikisha kwa nodi kuu bila lawama, na katika ukurasa wa hali ya klasta, poti 8080 ya nodi kuu, inaonekana ALIVE (hai), pamoja na viini vyake vyote na kumbukumbu yake. Nikihesabu safu za data kwa rdd.count(), jibu linakuja upesi. Lakini nikitaka wastani wa kila kihisio kwa kila mwezi, yaani groupBy ya kawaida kabisa, kazi inaanza, inafika katikati, kisha inarudi nyuma na kuanza upya mara kadhaa mpaka inakufa. Nikiizima nodi hiyo, kazi ileile inakamilika. Nimekwisha kuweka Java na Python za toleo sawa na wenzake. Nianze kutafuta wapi?

BintiKibokoni alijibu:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Maelezo yako yenyewe yanaelekeza mahali. Kuhesabu safu kwa njia hiyo kunahitaji kila nodi isome sehemu yake na kurudisha namba ndogo tu, lakini groupBy inalazimu nodi zipelekeane vipande vya data, na hapo kila moja huzitafuta nyingine kwa anwani ambazo zenyewe zilijitangazia. Kwa hiyo nodi inaweza kuzungumza na nodi kuu bila taabu, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyofungua njia ya kwenda huko, na wakati huohuo isifikike kabisa na wenzake.

Tafadhali angalia mambo mawili, kisha utuletee unachokiona. Kwanza, katika ule ukurasa wa 8080, nodi hiyo imeandikwa kwa anwani gani? Pili, ingia katika nodi mojawapo ya zile za zamani, fungua saraka ya work iliyo ndani ya saraka ya Spark, uingie katika saraka ya kazi iliyokufa na usome faili la stderr, linaloandika makosa. Ukikuta neno FetchFailedException, yaani nodi imeshindwa kuchukua vipande kutoka kwa mwenzake, soma anwani iliyoandikwa karibu nalo.

MwanaTudor:

Shukran dada. Neno hilo lipo, tena limejirudia. Linasema limeshindwa kuunganika na 192.168.8.103. Na kweli, katika ukurasa wa 8080 nodi zote zimeandikwa 10.0.0 isipokuwa hiyo moja. Anwani ya 192.168.8 ni ya ile Wi-Fi ya ofisi tunayotumia kwa intaneti, na kompyuta hii ndiyo pekee yenye kadi ya Wi-Fi.

BintiKibokoni:

Basi ugonjwa umejulikana. Ubuntu kwa kawaida hufunga jina la kompyuta na anwani 127.0.1.1 katika faili la /etc/hosts. Spark inapoona kwamba jina linaelekea kwenye anwani ya ndani ya kompyuta yenyewe, inaiacha na kujichagulia anwani nyingine kutoka kwa kadi za mtandao inazozikuta, na kwako imeangukia Wi-Fi. Onyo la jambo hilo limo katika mistari ya mwanzo ya logi ya nodi hiyo, ila watu wengi tunalipita kwa sababu ni onyo tu na programu inaendelea. Nodi yako ni kama mwenye duka Marikiti anayewaandikia wateja anwani ya nyumbani kwake: duka li wazi, lakini mizigo haifiki.

Katika saraka ya conf, nakili spark-env.sh.template uiite spark-env.sh, kisha uongeze mstari huu:

SPARK_LOCAL_IP=10.0.0.14

ukiweka anwani halisi ya kebo ya nodi hiyo, halafu uzime na kuiwasha upya huduma ya nodi. Angalia sana jambo moja: mstari huu ni wa kompyuta hiyo peke yake. Ukilisambaza faili hilo kwa nodi zote kama lilivyo, nyingine zitakataa kuwaka na kulalamika kwamba haziwezi kuitumia anwani hiyo, kwa kuwa si yao.

FundiNyali alijibu:

Naunga mkono aliyoyasema Bi Kibokoni. Niongeze kuhusu kumbukumbu, maana naona umeitaja. Usipoiambia Spark chochote, nodi hutangaza kumbukumbu yote ya kompyuta ikapunguza GB 1 tu, na kwa mashine ya GB 8 ambayo mtu pia ameifungulia kivinjari hiyo ni dhuluma. Weka SPARK_WORKER_MEMORY=6g katika faili hilohilo la spark-env.sh. Hata hivyo usidhani kwamba hapo kazi yako itapata GB 6, kwani kila kazi huomba GB 1 kwa kila nodi mpaka useme vingine kwa spark.executor.memory. Na ukiomba zaidi ya kile nodi inachotangaza, nodi hiyo itarukwa kimyakimya.

Vipande vya muda navyo huandikwa katika /tmp. Kama diski ya mfumo ni ndogo, elekeza SPARK_LOCAL_DIRS kwenye diski kubwa.

Mzee_wa_Seva alijibu:

Vijana, mmejibu vizuri, lakini mimi nina swali la msingi zaidi. Kihisio kimoja kinachopima kila dakika kinatoa safu 525,600 kwa mwaka. Hata mkiwa na vihisio 20 kwa miaka 5, hizo ni safu milioni 52 na nusu, nazo zinaingia katika kompyuta moja nzuri na nafasi ikabaki. Mimi ningeziweka katika mafaili ya Parquet (muundo wa kuhifadhi majedwali ya data) na kuzichambua kwa DuckDB, hifadhidata ya uchambuzi, kwenye mashine moja, wala nisingehangaika na anwani, swichi, wala stima ikikatika klasta yote ikalala.

MwanaTudor:

Mzee wangu, hoja yako naikubali kwa hesabu za leo. Klasta hii tuliijenga pia ili wanafunzi wajifunze, na kujifunza huko hakupatikani kwenye mashine moja.

Nimeweka SPARK_LOCAL_IP, nodi sasa imeandikwa 10.0.0.14, na wastani wa miezi umekamilika na nodi zote zikiwa ndani. Limebaki swali moja: kabla ya kujaribu, nililizima kabisa kinga la mtandao la Ubuntu, ufw, katika nodi hiyo. Nikiliwasha tena nifungue poti zipi, maana naona namba zinabadilika kila kazi?

BintiKibokoni:

Zinabadilika kwa sababu Spark huziokota ovyo usipoziainisha. Unaweza kuziweka namba maalumu kwa spark.driver.port (ya programu inayoanzisha kazi) na spark.blockManager.port (ya kupelekeana vipande vya data), lakini kumbuka kwamba poti ikiwa imeshikwa, Spark hujaribu zinazofuata mpaka mara 16, kwa hiyo ni lazima ufungue mfululizo wote na si namba moja. Kwa maabara ya swichi moja, mimi ningeruhusu mtandao wa kebo peke yake:

sudo ufw allow from 10.0.0.0/24

na upande wa Wi-Fi nisifungue chochote. Kama unaiingia nodi hiyo kwa mbali, kwa SSH, kupitia Wi-Fi, hamia kwenye kebo kwanza, usije ukajifungia nje.

Mzee_wa_Seva:

Na spark.authenticate uiwashe, pamoja na neno la siri lililo sawa katika nodi zote. Kwa kawaida imezimwa, na yeyote anayeifikia poti 7077 ya nodi kuu anaweza kutuma programu yake ikaendeshwa katika mashine zenu. Kwa wanafunzi waliojaa chumba, nisingeiacha wazi hata siku moja.