Roli ya futi 100, kujipakilia filamu mwenyewe: inalipa kweli?

msee_wa_roysa
Wasee habari zenu. Niko na Pentax K1000 na kamera ingine ndogo ya mfukoni, ile inajizungushia filamu yenyewe, na hizi siku napiga nyeusi na nyeupe tu, karibu zote HP5, ile filamu ya Ilford ya ASA 400 (ASA ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga). Kununua kaseti moja moja hapa Nairobi imeanza kuniumiza, leo ziko duka wiki ijayo hazipo na zikirudi bei imepanda, ndio nikaanza kuangalia zile roli ndefu za futi 100 unajikatia na kujipakilia. Kuna cuzo anakuja kutoka Uingereza mwezi ujao na amekubali kunibebea. Sasa, inatoa kaseti ngapi za ukweli? Kaseti tupu natoa wapi? Na lazima nikuwe na ile loda, kile kisanduku kisichoingiza mwanga cha kupakilia filamu kwa kaseti, ama naeza jipanga bila? Kusafisha nasafishia kwa nyumba, hapo sina shida. Natanguliza shukrani.

fremu_thelathini
Inalipa kama unapiga filamu ile ile mwezi nenda mwezi rudi na unajisafishia, na wewe umesema ni hivyo, kwa hivyo agiza. Mtu wa kubadilisha filamu kila wiki asijisumbue, atakaa na roli moja hadi ichoke.

Hesabu yake, futi 100 ni mita 30.5. Fremu moja na ile nafasi ya katikati ni milimita 38, yaani matundu nane ya ukingoni mwa filamu, kwa hivyo fremu 36 zinakula kama mita 1.37 halafu bado hujaweka ulimi wa kuingiza kwa kamera na mkia wa kushika kwa kijiti cha ndani ya kaseti, unajipata 1.6 na kitu. Ukigawa unatoa kaseti 18, ukiwa mkono birika 19. Mtu akikuambia alitoa 22 za 36 muulize kama kamera yake inameza filamu bila ulimi. Na usijaribu kuweka 40 eti juu nafasi iko, utafika kwa kusafisha upate haiingii yote kwa ile spairo ya kuzungushia filamu ndani ya tangi la kusafishia, na hapo uko gizani na mikono imejaa. Mimi hupakia 30, zinakatwa mistari mitano ya sita sita na zinaingia vizuri kwa karatasi ya negativu.

Kitu watu hawaambiwangi ni ya fremu za mwisho. Ukitumia loda, ile ncha unagundisha kwa kijiti unaigundisha kwa mwanga, na ndio itakuwa mwisho wa kaseti ikiingia kwa kamera, so fremu kama mbili za mwisho zimeungua kabla hata hujatoka nyumbani. Ukienda ruracio (sherehe ya mahari) ya mtu, ile picha ya wazee wote pamoja usiiachie ya 36.

bi_negativu
Kaseti tupu kuna zile za kununua, za plastiki ama za chuma zenye kifuniko kinafunguka. Za plastiki sizipendi, ikianguka kwa lami kifuniko kinaruka na filamu imeenda. Lakini za bure ziko, ongea na studio yoyote yenye bado wanasafisha filamu wakuwekee kaseti wanazotupa, waambie tu wasivute filamu yote, waache kipande kama cha vidole viwili kimetokeza nje. Hapo ndio unaunganisha filamu yako, tepu juu na chini, ikae sawa kabisa, ikikaa upande itakuwa inakwaruza ukuta wa kaseti hadi mwisho. Masking tepu iko sawa, lakini selotepu ya ofisini mimi siiamini kwa joto.

Na hizo za studio ziko na faida ingine kwako. Hiyo kamera yako ya mfukoni inasoma ASA kwa ile mistari ya fedha iko kwa kaseti. Kaseti isiyo na alama, kamera nyingi za hivyo zinajisemea tu ni 100, na wewe umeweka filamu ya 400, kwa hivyo inapata mwanga wa stopu mbili zaidi, yaani mara nne. HP5 itavumilia lakini negativu zinatoka nzito. Chukua kaseti iliyokuwa ya filamu ya 400 na hiyo shida imeisha. K1000 haijali, unazungusha ASA kwa mkono.

Halafu angalia kama hiyo ndogo ni ya kuvuta filamu yote nje kwanza ndio ianze kupiga ikirudisha ndani. Kuna nyingi ziko hivyo, hata Canon EOS baadhi. Kwa kamera kama hiyo, zile fremu zimeungua zenye fremu_thelathini anasema zinakuwa za KWANZA, na ukifungua mgongo katikati ya filamu angalau zenye umepiga ziko salama ndani. Ni kamera nzuri kwa watu wa haraka, ni vile tu ujue.

Mzee wa Darkrumu
Vijana hamjambo. Hiyo loda mnaongelea si lazima. Zamani studio ndogo ndogo za River Road tulikuwa tunapima kwa mlango. Misumari miwili, mmoja juu mmoja chini, katikati yake pima moja kasoro shubiri, na hiyo ndiyo fremu 36 pamoja na ulimi. Unazima taa, unatundika tundu la filamu kwa msumari wa juu, unashuka nayo ukiishika kwa kingo tu, unakata, unagundisha kwa kijiti, unazungusha, unafunika. Vipande vya tepu unakata mapema kukiwa na taa unavipanga kwa ukingo wa meza, maana gizani hutapata mkasi, na ukiupata utakata kidole. Filamu yenyewe inajikunja kuelekea upande wa dawa, ule unaoshika picha, kwa hivyo mkono utakuambia upande upi unaingia ndani.

Kwa njia hii hupotezi hizo fremu mbili za mwisho kwa sababu hakuna mahali imeona mwanga. Lakini giza liwe giza. Si bafu yenye dirisha limezibwa na taulo. Taa ya ruta, saa ya mkono yenye mishale ya kung'aa, ile taa nyekundu ya chaja, toa zote. Mtaa mzima stima ikipotea usiku usiende kulalamika mtandaoni, toa roli upakie.

Na zungusha pole pole. Januari na Februari hapa hewa ni kavu na filamu ikizungushwa kwa haraka inatoa cheche za umeme, utaziona kwa negativu kama vijitawi vya radi ushangae zimetoka wapi.

fremu_thelathini
Mzee heshima zako, lakini kushika filamu kwa mikono gizani kaseti kumi na nane, na hii vumbi yetu, kwa mtu anayeanza atakwaruza nusu. Loda unaijaza gizani mara moja tu, baada ya hapo unapakia mezani ukikunywa chai. Ukipata Watson ya zamani chukua hiyo, iko na lango unafungua kabla ya kuzungusha, filamu haigusani na kitu. Zile zenye kitambaa cha kuzuia mwanga mahali filamu inapita, kama AP Bobinquick, ziko sawa pia ila chembe moja ya mchanga ikiingia kwa kitambaa inakuchorea mstari kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Piga hewa kabla ya kuweka roli. Midomo ya kaseti pia, za studio usizirudie sana.

lenzi_ya_mtumba
Mbona asichukue roli za sinema, Kodak Vision3? Apate na rangi.

bi_negativu
Juu ameuliza nyeusi na nyeupe 😅 na hizo za sinema, zile zilizotengenezwa kabla Kodak waanze kuiondoa 2025, ziko na ile masizi nyeusi kwa mgongo, ukipeleka studio ya kawaida ikiingia kwa mashine yao inachafua dawa yote na filamu za wateja wengine. Usimfanyie mtu hivyo bila kumwambia.

msee_wa_roysa
Nimeshika. Natafuta loda, lakini misumari ya mzee naiweka kwa mlango wikendi hii. Sasa cuzo, aweke hiyo roli kwa sanduku ama?

Mzee wa Darkrumu
Kwa sanduku hapana! Mizigo ya chini inapigwa miale mikali. Abebe kwa mkono na aombe ikaguliwe kwa mkono, hasa wakiwa na zile mashine mpya za CT, za miale mikali ya kukagua mizigo ya mkononi, hizo Ilford na Kodak wote wanasema usipitishe filamu. Na kikubwa kuliko hayo yote, mkebe ufungwe tepu pande zote na uandikwe kwa herufi kubwa kwa Kiingereza kwamba ni filamu usifunguliwe. Askari akifungua tu achungulie, kaseti zako zote 18 zimeisha hapo hapo kwa foleni.

bi_negativu
Na ukipata tayari niandikie inbox, niko na kaseti za 400 nimeweka kwa mkebe wa biskuti, nakupa zenye midomo bado mizuri.

msee_wa_roysa
Asante sana, nakuandikia. Nimemtumia cuzo hayo maneno ya mzee vile yako, anauliza kama anaeza kuibeba kwa paja ndege nzima.