Naomba ushauri: hisa kwenye kisima cha maji taka ya mafuta, Texas

Habari zenu wakuu. Nimeletewa ofa ya hisa kwenye kisima cha kurudishia ardhini maji ya chumvi yanayotoka pamoja na mafuta, ukanda wa mafuta wa Permian, Texas. Mapato ni ada kwa kila pipa (lita 159) linaloshushwa na malori, pamoja na mafuta kidogo yanayoelea kwenye matangi, ambayo huenguliwa na kuuzwa. Maji hayakosekani, kule pipa moja la mafuta huja na mapipa kadhaa ya maji.

Kinachonitia wasiwasi ni matetemeko ya ardhi, maana kusukuma maji haya chini sana kunaweza kuyasababisha. Desemba 2021 Railroad Commission, ambayo ndiyo inasimamia mafuta Texas, ilisimamisha visima virefu vya aina hii eneo la Gardendale, karibu na Midland. Ninachouziwa kina kibali, nimekiona, ila kibali kinaweza kusitishwa vilevile. Nimemuuliza muuzaji urefu wa kisima na presha ya kusukumia maji. Ananitumia picha za malori yamepanga foleni!

Wenye uzoefu, nidai nyaraka zipi kabla sijalipa? Na kisima kikifungwa, gharama ya kukiziba inamwangukia mwenye hisa pia?