Wauza chaja Kigoma, "pini inaingia" siyo kipimo!

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na nimekasirika kweli. Zunguka Mwanga, nenda Gungu, shuka mpaka Ujiji: ukipeleka laptop kutafuta chaja, muuzaji hakuulizi volti (msukumo wa umeme) wala ampea (wingi wa umeme unaopita). Anavuta boksi, anajaribisha pini moja moja, na ile ya kwanza kuwasha kitaa ndiyo anakufungia kwenye mfuko. Baada ya muda chaja inanuka, betri haijai, au laptop imekufa kabisa. Ukirudi unaoneshwa kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Wanaoumia ni wanafunzi, walimu na wenye stesheneri ambao riziki yao iko kwenye mashine hiyo moja.

Kipimo kimeandikwa. Geuza laptop usome chini yake, au soma lebo ya chaja ya zamani kwenye mstari wa "Output". Dell nyingi ni 19.5V 3.34A, HP za pini ya bluu 19.5V 3.33A, Lenovo za pini ya mstatili 20V 3.25A, Toshiba na Acer nyingi 19V 3.42A. Zidisha volti kwa ampea upate wati: zote hizo zinaangukia 65. Lakini zipo Dell zinazotaka 4.62A, yaani wati 90, na pini ni ileile. Muuzaji asiyesoma lebo atazijuaje?

Volti lazima zilingane. Tofauti ya 19 na 19.5 laptop inaivumilia, zaidi ya hapo usijaribu. Ampea za chaja ziwe sawa na zinazotakiwa au zaidi. Wapo wauzaji wanaotisha watu kwamba chaja ya ampea kubwa itaunguza mashine. Si kweli! Laptop inavuta kiasi inachohitaji, basi, na chaja ya 4.62A kwenye laptop ya 3.34A inafanya kazi bila hata kuchemka. Hatari iko upande wa pili. Chaja ndogo inalazimishwa kutoa isichokuwa nacho, volti zinashuka, na laptop kwa kuwa inahitaji wati zilezile inavuta ampea nyingi zaidi. Chaja inachemka mpaka plastiki inalainika, au inajizima na kuwaka kila baada ya dakika chache.

Jambo la pili linaloniudhi ni pini nene ya milimita 7.4 yenye sindano katikati. Dell na HP za zamani zote zinaitumia, inaingia vizuri kabisa kwa zote mbili, na volti zinakaribiana. Ila ile sindano haibebi umeme wa kuchaji. Ni njia ya chaja kujitambulisha kwa laptop, na kampuni hizi mbili zinajitambulisha kwa namna tofauti. Ukichomeka isiyo yake kwenye Dell, mashine inawaka na kuleta ujumbe kwamba aina ya chaja haijulikani, inajipunguzia kasi na haichaji betri. Halafu mteja anauziwa betri mpya isiyohitajika! Ujumbe huohuo unatokea kwenye chaja halali ikiwa sindano imepinda au waya wake mwembamba umekatika karibu na pini, kwa hiyo kagua hapo kabla hujatoa hela ya betri.

Na kuna lebo za uongo. Kichwani imebandikwa 65W, ndani hakuna kichujio cha umeme, fyuzi hakuna, na waya wa kutolea ni mwembamba mno. Fanya hesabu: waya wenye ukinzani (kuzuia umeme kupita) wa nusu omu ukipitisha ampea 3.3 unakula volti 1.65 njiani. Chaja inatoa 19.5, laptop inapata chini ya 18, na zaidi ya wati 5 zinaishia kuuchemsha waya.

Vya nyumbani ndiyo usiseme. Ruta ya 9V, king'amuzi cha 12V na boksi la TV la 5V vinaweza kuwa na pini moja ya milimita 5.5. Ukichomeka ya 12V kwenye boksi la 5V, umeua boksi. Kwaya nazo zinauziwa adapta za vinanda bila mtu kutazama kile kimchoro cha duara chenye alama za + na −. Casio za zamani za 9V zinataka hasi katikati ya pini, Yamaha nyingi za 12V zinataka chanya katikati. Ukikosea, omba Mungu kinanda kiwe na kinga ndani. Tazama pia alama iliyo mbele ya volti: wimbi ~ ni AC (umeme wa kugeukageuka, kama wa ukutani), mstari wenye vistari chini yake ni DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri). Vyote viwili havibadilishani kamwe.

Ninachodai kwa wenye maduka ni hiki: wekeni mita ya kupimia volti mezani, pimeni mbele ya mteja, na muandike volti na ampea kwenye risiti. Mita ya kawaida haiwashindi bei.

FundiGungu:
Mkuu umesema kweli tupu. Naongezea kwenye kupima, maana mita peke yake inadanganya: chaja mbovu isiyobebeshwa mzigo inaonesha volti nzuri tu. Kwa adapta ya 12V 2A, unganisha balbu ya breki ya bodaboda, 12V 21W, ambayo inavuta ampea 1.75 hivi. Iache dakika kumi huku mita imeunganishwa. Ikibaki karibu na 12, chukua. Ikishuka mpaka 10, lebo ni uongo. Balbu ikiwa baridi inavuta kwa nguvu mwanzoni, kwa hiyo hata adapta isiyo na kasoro inaweza kusita. Chomoa ujaribu tena kabla ya kuikataa. Za laptop tumia balbu mbili za aina hiyo kwa mfululizo, yaani umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili. Mita iwekwe kwenye kipimo cha DC 200, siyo 20, la sivyo Lenovo ya volti 20 itakuandikia 1 tu, yaani imezidi kipimo. Kwenye pini nene ya Dell na HP, chanya gusa ukuta wa ndani wa pini, hasi ukuta wa nje. Sindano iache.

MamaStesheneri_Ujiji:
Kaka zangu, mbona laptop yenye bodi la chuma inatekenya mkono ikiwa kwenye chaja? Na hizi chaja za plagi ya miguu miwili ya duara zinazotoka Burundi na Kongo, ni salama?

FundiGungu:
Dada, kutekenya kunatokana na kapasita ndogo (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) iliyo ndani ya chaja kati ya upande wa umeme mkubwa na mdogo. Umeme unaopita ni kidogo sana na kawaida hutoroka kwa waya wa ethi, ule wa usalama unaoshuka ardhini. Tumia waya wa plagi ya miguu mitatu, na mwambie fundi umeme akague kama nyumba ina ethi kweli, maana nyumba nyingi soketi zina tundu tatu lakini ethi haijaunganishwa popote.

Kuhusu Burundi na Kongo, chaja yenyewe ikiandikwa 100–240V haina tatizo. Tatizo ni kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu ili miguu miwili iingie. Inakaa kwa kulegea, inatoa cheche na kuunguza soketi, na unakuwa huna fyuzi ya kwenye plagi. Badilisha waya tu, chaja nyingi waya wake unachomoka. Weka wenye plagi ya miguu mitatu ya bapa na fyuzi ya ampea 3. Nyingi zinakuja na 13, ambayo ni kubwa mno kwa waya mwembamba wa chaja.