Mjadala: Hela ya maji Dar iende kwenye bwawa au kwenye mabomba? Mi nasema mabomba kwanza

Wakuu habari za saa hizi. Kila ikiguswa habari ya maji Dar watu wanakimbilia Kidunda, lile bwawa la mto Ruvu, kwamba likiisha kujengwa tu shida imeisha. Bwawa silipingi, naomba nieleweke hapo. Oktoba 2022 wote tuliona mto Ruvu ulivyoshuka mpaka jiji likaingia kwenye mgao mkali na watu wakawa wanagombania boza, na mto ambao haujawekewa akiba ukikauka hakuna mtambo wa kukusaidia. Mkataba wa Kidunda ukasainiwa Novemba mwaka huohuo, bwawa la lita bilioni 190, vizuri, lijengwe liishe. Ninachobishia mimi ni hii imani kwamba maji yakiwa mengi basi yatakuwa salama pia.

Tuangalie tulikotoka. Mitambo inayosafisha maji ya Dar ni Ruvu Chini na Ruvu Juu. Ruvu Chini ilipandishwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi 270 kwa hela ya Wamarekani, Ruvu Juu ikatoka 82 hadi 196 kwa mkopo wa India. Kazi kubwa na haina ubishi. Na pale mtamboni maji yanatibiwa kweli, yanatiwa dawa ya kugandisha tope, yanatulizwa, yanachujwa, yanawekwa klorini. Shida inaanza yakishatoka pale.

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo kiini cha hoja yangu. Bomba likiwa na presha muda wote, hata likitoboka maji yanatoka nje, uchafu hauna nafasi ya kuingia. Ukiyakata kwa mgao presha inashuka, bomba linabaki tupu, na yale maji yaliyotuama kwenye udongo unaozunguka tundu yanaingia ndani, yakifunguliwa tena ndo hayo yanatangulia kwenye ndoo ya mtu. Sasa udongo wa Manzese, Tandale, Buguruni, Vingunguti una maji gani? Choo cha shimo kiko hatua chache tu toka laini ya maji, masika yakianza kuna wanaotapisha vyoo usiku kwenye mitaro, na mtaroni humohumo ndo zimepita zile paipu za plastiki ambazo watu wamezivuta mbali toka bomba kubwa, zimeungwaungwa na kufungwa mpira, nyingine zimepasuka na zinalala kwenye majitaka. Afu kuna anayefunga pampu moja kwa moja kwenye laini, huyo ananyonya kila kitu kilicho karibu na tundu na anawanyonyea na majirani zake. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka maji yakimfikia mtu yawe bado na klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita, lakini klorini ikikutana na uchafu njiani inaisha hukohuko.

Kwaiyo mgao wenyewe unachafua maji. Watu wanauchukulia kama usumbufu wa kubeba madumu tu, wakati ni suala la afya, na kipindupindu cha 2015 kilichosambaa mikoani kilianzia hapahapa Dar.

Najua kuna hoja ya chimba kisima chako uachane nao. Kwa mwenye hela sawa, lakini visima vifupi vya uswahilini vinachota kutoka udongo uleule wa vyoo, na karibu na pwani ukivuta sana bahari inaingia, maji yanakuwa ya chumvi. Na tusidanganyane kwamba ukichemsha yameisha matatizo, kuchemsha kunaua vijidudu ila chumvi na kemikali ya naitreti inayotokana na vyoo haviondoki, maji yanavyopungua sufuriani ndo vinazidi. Visima vya Kimbiji, kule Kigamboni, vilivyochimbwa mamia ya mita ni habari nyingine kabisa.

Wanaotaka maji yabinafsishwe nao nawajibu kwa kifupi: kampuni binafsi ya City Water walipewa kuendesha maji ya Dar 2003, mkataba ukavunjwa 2005.

Hoja yenye uzito kwangu ni ya wanaosema mabomba mapya yataibiwa maji vilevile kwa hiyo ni hela ya bure. Hapana jamani. Wengi wamevuta zile paipu ndefu kwa sababu bomba kubwa liko mbali nao na gharama ya kuunganishiwa inawashinda, ukilisogeza bomba mtaani na ukawaruhusu walipe kidogo kidogo kwenye bili, sababu ya kujiunganishia inapungua sana. Maji yanayovuja yameshalipiwa dawa na umeme, na Kidunda ikijaa itakuja kujaza mabomba hayohayo yanayovuja!

Ninachotaka DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, wafanye kwanza: jiji ligawanywe kanda, kila kanda iwe na mita yake kubwa ijulikane maji yanapotelea wapi, kila kanda iwe na tenki lake ili presha isishuke hata usiku, na mabomba chakavu yatolewe kuanzia kwenye mitaa yenye vyoo vya shimo vingi, sio kuanzia zinakokaa ofisi. Na majibu ya vipimo vya klorini na vijidudu, vilivyochukuliwa bombani kwa mteja na sio mtamboni, yabandikwe kila mwezi ofisi ya kata.

Waliopo Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, kwenu yakifunguliwa baada ya mgao yanatokaje na mnayaacha yamwagike muda gani kabla ya kukinga? Na anayesema bwawa kwanza aje na hoja, nipo.