Noah inachemka ikipanda mlima wa Ngomo, fundi anasema ninunue motere (injini) nyingine. Nisaidieni mawazo

Mwana_Kadutu
Jambo wandugu. Niko Bukavu, nina Toyota Noah ya 2004, ya esansi (petroli), injini 1AZ ile ya D-4. Inabeba watu na mizigo yao, Bukavu–Kamanyola. Kushuka Ngomo haina neno. Kurudi ndiyo taabu: ikishapanda kona chache na mzigo, mshale wa joto kwenye tablo unaacha katikati na kupanda mpaka karibu na nyekundu. Nikisimama kidogo unashuka wenyewe. Mjini, hata kutoka Nyawera kupanda Kadutu, haufiki huko, ila kila asubuhi radiateri inaomba maji. Chini ya gari pakavu kabisa.

Fundi wa kwanza alitoa termostati, akasema kwa milima yetu haifai. Wa pili akaunganisha feni moja kwa moja, inazunguka muda wote. Wa tatu alitikisa kichwa tu: motere imekwisha, nunua ya okazioni, iliyokwisha kutumika. Bei aliyotaja inakaribia nusu ya gari lenyewe. Ninunue, ama kuna njia? Na nikinunua, nifanye nini hiyo mpya nayo isinifikishe hapa?

Chofa_RN5
Weka pesa mfukoni kwanza. Maji yanapungua na chini ni pakavu, basi yanaenda wapi? Hilo ndilo la kutafuta.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (narudia, baridi kabisa, watu wameungua uso), fungua kifuniko cha radiateri, jaza maji mpaka juu, washa, angalia. Hewa iliyonaswa itatoa mapovu mawili matatu na kuacha. Yakiendelea mfululizo bila kukoma, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kipimo kingine: kifuniko kikiwa kimefungwa, washa gari, baada ya muda mfupi bana mpira wa juu wa radiateri. Ukiwa umeshajaa na kuwa mgumu wakati bado haujapata joto, jibu ni lile lile. Tazama pia moshi. Mweupe wa asubuhi ya baridi si kitu, lakini ukiendelea hata gari limeshapata joto, maji yako yanatokea huko.

Mama_Bagira
Mimi si fundi, ni mwenye gari zinazofanya kazi, na ninachojua ni kuanza na kitu cha bei ndogo. Kifuniko! Sisi tuko kwenye mita 1,500 hivi, huku maji yanachemka kwenye digrii 95, siyo 100. Kifuniko kizima kinabana presha ya karibu bari moja juu ya ile ya nje, maji yanavumilia kupita 110 bila kuchemka. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, unapanda Ngomo na sufuria iliyo wazi. Na mafundi wetu wanafunga kifuniko cha gari lolote mradi kimeingia. Soma namba iliyoandikwa juu yake, iwe ile ya gari lako.

Mwana_Kadutu
Aksanti mama. Changu hakina hata namba, maandishi yamefutika. Na maji ninaweka ya mvua, wanasema ni safi kuliko ya bomba. Ni vibaya?

Fundi_Nguba
Ya mvua hayaachi magamba kama ya bomba au ya ziwani, hapo hawakukudanganya. Ila hayana dawa ya kutu, na yakipita kwenye mabati yaliyochakaa yanakuja na kutu yake. Kulasi (kichwa cha injini) na bloku ya 1AZ ni aluminiamu. Maji matupu yanaila taratibu, na pampu nayo inaumia. Weka yale maji mekundu ya radiateri, nusu kwa nusu na maji safi. Usichanganye na ya kijani, yanaweza kuganda na kuziba njia nyembamba.

Termostati irudishwe. Inafunguka kwenye digrii 80 na kitu, zaidi ya hapo haizuii maji kupita, kwa hiyo mlimani haikuwa na kosa kama ilikuwa nzima. Kuitoa kunafanya injini ikae baridi ukiwa mjini, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha, inaongeza esansi, na esansi hiyo inaosha mafuta kwenye kuta za silinda. Unalipa mara mbili.

Sasa lenyewe. Injini za ukoo huu, 1AZ na 2AZ, zina ugonjwa wake unaojulikana: bulo (bolti) zinazoshika kulasi, hasa za upande wa nyuma, zinang'oa meno ndani ya bloku ya aluminiamu. Kulasi inainuka kiasi kidogo tu ikipata joto na mzigo, gesi inapita gasketi, maji yanapotea. Injini ikipoa inakaa tena kama haina kitu. Ndiyo maana mjini inakudanganya na Ngomo inasema kweli. Fundi akibadilisha gasketi na kukaza bulo kwenye meno yaliyokufa, utarudi garaji haraka sana. Dawa ni kutoboa matundu upya na kuingiza vipande vya chuma vyenye meno mapya. Kazi ya mtu mwenye vifaa, lakini bloku inabaki ile ile.

Lushois243
Papa Nguba kasema vizuri, ila mimi huku Lubumbashi nimeona kulasi zilizopinda vibaya au kupasuka kwa sababu mwenye gari aliendelea kuendesha mshale ukiwa juu. Ikifika hapo, okazioni inaweza kuwa nafuu. Kulasi ipelekwe kwenye mashine ipimwe kabla ya kuamua. Na ukinunua 1AZ nyingine, ujue unanunua ugonjwa ule ule ukiwa bado umelala.

Feni ya moja kwa moja pia iondolewe. Inachosha alternateri bure.

Goma_Volkano
Hakuna aliyegusa esansi. D-4 inapuliza esansi kwa presha kubwa moja kwa moja ndani ya silinda, pampu yake haipendi uchafu. Esansi ya kadhafi, wale wauzaji wa barabarani, ya bidoni, yenye maji na mchanga chini, itakuua pampu kabla ya hiyo kulasi. Kituoni tu.

Mama_Bagira
Kituoni tu, ikiwa kituo kina esansi siku hiyo 😄

Mwana Kadutu, mafuta ya motere unapima wapi? Bukavu hii kupata mahali tambarare ni kazi. Ukipima kwenye mteremko kijiti kinadanganya, unaongeza yasiyohitajika au unaacha pungufu. Mimi madereva wangu wanapima mahali pamoja kila asubuhi, kabla ya kuwasha. Vidanje (kubadilisha mafuta ya motere) kila kilomita 5,000, na filta inabadilishwa, siyo kupulizwa.

Chofa_RN5
Na siku mshale ukipanda: toa mzigo wa injini, zima hewa ya baridi, fungua ile ya moto yote na feni ya ndani mpaka mwisho. Abiria watalalamika, lakini joto linatoka. Simama mahali salama. Usimwagie injini maji baridi, kulasi inapinda.

Mwana_Kadutu
Nimefanya kipimo leo. Mapovu hayakukoma, na mpira umekuwa mgumu mapema. Kifuniko kipya nimepata. Gari nimelisimamisha, nimempata fundi anayesema ana vifaa vya kuweka meno mapya. Nimuulize nini kabla sijamwachia?

Fundi_Nguba
Muulize kama ana ufunguo wa kupima nguvu ya kukaza. Akikujibu mkono wake unajua, chukua gari. Atengeneze matundu yote, siyo yale mabovu tu, kwa sababu mengine yanafuata. Bulo ziwe mpya. Kulasi ipimwe unyoofu ukiwapo. Akimaliza, ajaze maji mekundu, atoe hewa yote, na mwende naye mlimani na mzigo kabla hujamlipa salio.

Mwana_Kadutu
Aksanti mukubwa. Ninampigia sasa hivi.