Makumbusho yana nafasi ya viyoyozi, ila kitimwendo "jengo haliruhusu"

Wanajamvi, salaam.

Nimekaa na hasira hizi tangu wiki iliyopita nikitumaini zitapoa, na hazikupoa, hivyo mniwie radhi lugha ikiwa kali mahali fulani. Nazungumzia makumbusho yaliyomo ndani ya jumba la kale katika mji mmoja wa mwambao. Jina silitaji, kwanza kwa sababu nimeshawaandikia wahusika barua na nataka wapate nafasi ya kujibu, na pili kwa sababu nina hakika wengi wenu mtadhani nimeyasema ya mjini kwenu.

Nilikwenda na baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye kiharusi kilimwacha upande mmoja hauna nguvu na sasa anatumia kitimwendo. Huyu ni mtu aliyewafundisha watoto wa watu habari za misafara ya pembe na watumwa, za majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, na za Vita vya Maji Maji, akiwa na ubao na chaki tu, wala hakupata kuwapeleka wanafunzi wake kuona vitu vyenyewe. Dirishani tulitozwa kiingilio kamili, yeye na mimi, na yule dada wa tiketi hakututahadharisha kwa neno lolote ingawa kiti alikuwa anakiona. Tulipokwisha kulipa ndipo tukakutana na mlango. Ni mlango mzuri kweli, wa nakshi, wenye kizingiti cha mti kinachofika karibu sentimita 20, na nyuma yake kuna ukumbi mdogo unaoishia kwenye ngazi za mawe, nyembamba, zenye kupinda, zisizo na kishikio upande wowote. Karibu kila kitu cha maana kimepangwa ghorofani. Chini kuna duka la vinyago na chumba kilichofungwa kufuli, ambamo nilipochungulia dirishani niliona viti vibovu na mabango ya sherehe zilizokwisha pita.

Mlinzi, kwa nia njema, akaita vijana wawili "wambebe mzee". Baba mdogo akakataa. Wapo mtakaosema alileta kiburi, na kwenu ninyi nasema hivi: mtu mzima kubebwa mikononi na watu asiowajua, kwenye ngazi za namna ile, huku wageni wengine wamesimama wakisubiri apitishwe kama kabati, ni hatari kwake, ni hatari kwa wabebaji, na ni fedheha. Haki ya mtu kuingia mahali haiwezi kutegemea kama siku hiyo wamepatikana vijana wenye mabega. Basi akabaki barazani. Kijana anayeongoza wageni, ambaye namtoa kabisa katika lawama zangu, alipanda juu, akapiga picha kwa simu yake, akashuka kumwonesha: sahani za Kichina zilizopasuka, shanga, pingu za chuma, jahazi la mfano. Kwa kila picha mwalimu akawa anampa yule kijana maelezo ambayo, kwa jinsi alivyokuwa akiyapokea, hakuwahi kuyasikia. Tulilipa kiingilio ili tutazame simu, na aliyeijua historia ile kuliko wote ndiye aliyeachwa nje.

Nilipoomba kumwona msimamizi, jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba jengo ni la kihistoria, linalindwa kisheria, haliruhusiwi kuguswa, na kwamba suala hilo liko ngazi za juu.

Haliruhusiwi kuguswa? Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa umetobolewa ili mabomba ya viyoyozi yapite. Kamera za ulinzi zimepigwa skrubu kwenye boriti za mkoko. Chumba cha tiketi kimewekwa vigae vya kung'aa ambavyo fundi aliyelijenga jumba lile asingevijua hata kwa ndoto, na uani limemwagwa zege la kukalia jenereta. Jengo limeguswa kila mahali isipokuwa pale ambapo mtu mwenye ulemavu angepita. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikuwekwa ili majumba yagande. Inataka mwenye kubadilisha kitu aombe kibali kwanza. Nikamuuliza kama kibali cha kuweka njia ya mteremko kimewahi kuombwa, naye akaanza kupanga upya karatasi zilizokuwa mezani.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ibara ya 30 ya mkataba huo inayataja makumbusho waziwazi, ila inapofika kwenye maeneo yenye umuhimu wa kitaifa wa kiutamaduni inasema "kadiri inavyowezekana", na najua wapo watakaojificha hapo. Sawa, tuangalie kinachowezekana.

Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 20 kinataka mita 2 na sentimita 40, na baraza ile ina nafasi hiyo na inabaki. Njia yenyewe yaweza kuwa ya mbao, ikalazwa juu ya sakafu pasipo msumari hata mmoja kuingia ukutani, na siku ikiondolewa jumba linabaki lilivyokuwa. Fundi seremala wa mtaani anaimaliza kazi hiyo, tena kwa fedha isiyofikia bei ya kiyoyozi kimoja. Kile chumba cha kufuli kikitolewa viti vibovu kinapokea nusu ya vitu vilivyoko juu.

Nitaambiwa lifti ni ndoto. Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na baadaye kutumika miaka mingi kama makumbusho, hutajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Na majumba haya huangushwa na uchakavu, kama tulivyoona Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo hilo ilipoporomoka na kuua watu. Hayaangushwi na magurudumu. Mwezi huo huo, kule Athens, Wagiriki walizindua lifti mpya ya kupandia Acropolis, kwenye mwamba wenye mahekalu ya zaidi ya miaka 2,400, tena wakiwa wanabadilisha ya zamani waliyoiweka mwaka 2004 kwa ajili ya Michezo ya Paralimpiki. Hata hivyo mimi lifti sijaiomba. Nimeomba mbao.

Wala tusidhani ni kitimwendo peke yake. Maelezo ya vitu yamechapwa kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa, yamewekwa nyuma ya kioo chenye mwako, kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Mwenye uoni hafifu, wakiwamo ndugu zetu wengi wenye ualbino, haambulii kitu. Maandishi ya nukta nundu hakuna, mtu wa lugha ya alama hakuna, na choo kiko nyuma ya ngazi tatu nyingine.

Barua yangu imetaka mambo manne: njia ya mbao mlangoni, chumba cha chini kifunguliwe na kupangwa maonesho, tangazo la wazi dirishani linalosema kipi kinafikika kabla mtu hajalipa, na kiingilio cha baba mdogo kirudishwe. Imepokelewa na kugongwa muhuri. Kama humu yupo msanifu majengo aliyefanya kazi kwenye majumba ya kale, naomba anisaidie mchoro wa njia hiyo niuambatanishe, wasije wakasema hawajui inafananaje. Jibu lao likija nitaliweka hapa kama lilivyo.